Nani Mwenye Dhamana ya Nyumba Iliyosimama juu ya Lava?

MPANGAJI WA MIJI: Naanza na hoja ambayo kwangu ndiyo asili ya mabishano yote. Mtu anayejenga nyumba katika wilaya ya Puna, upande wa mashariki wa kisiwa cha Hawaii, juu ya mwamba uliokuwa moto wa majimaji katika uhai wa watu ambao bado tunao, akakinga maji yake kutoka mawinguni na kuchota umeme wake kutoka juani, kisha akadai kuwa amejitoa katika nyaya na mabomba ya umma na kwa hiyo hana deni kwa yeyote, anasema neno ambalo nusu yake ni kweli na nusu yake ni hatari. Kweli ni kwamba haletewi hati ya malipo ya maji wala ya umeme. Hatari ni kwamba mwamba ule mchanga hauna udongo wa kuchuja kitu, na kila anachokimwaga hupenya katika nyufa zake hadi kikafika kwenye maji ya chini, ambayo ni mali ya watu wote. Na siku ardhi itakapopasuka kati ya mlango wake na barabara, atakayekwenda kumtoa ni mtumishi wa umma, ambaye naye ameacha watoto nyumbani.

MKAAZI WA LAVA: Nakushukuru, bwana, kwa kunipa nusu ya haki kabla ya kuninyima nusu iliyosalia. Sikuja Puna kwa kiburi, wala kwa chuki juu ya dola. Nilikuja kwa sababu katika visiwa hivi, ambavyo bei zake za nyumba na za umeme ni miongoni mwa zile za juu kabisa katika Marekani nzima, ardhi ya lava ndiyo peke yake ambayo mtu wa kazi za mikono aliweza kuinunua kwa fedha taslimu pasipo kuweka umri wake rehani. Niliikuta nyeusi, imekunjamana na kumeremeta, haina kivuli wala unyasi, isipokuwa vijiti vya ohia vilivyochipua katika nyufa, kwani mti huo ndio wa kwanza kuthubutu. Katapila lilisaga sehemu ndogo ikawa sawa; nikasimamisha nguzo juu ya vitako vya saruji, maana kuchimba msingi katika jiwe lile ni kazi isiyokwisha; nikaezeka bati, nikazungusha milizamu pande zote za paa, na mvua ikateremkia tangini. Mvua yenyewe haituhini: mji wa Hilo, jirani yetu, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Umeme wangu ni wa paneli za jua na betri, jiko ni la gesi ya mtungi, udongo niliununua kwa lori nikaujaza katika mashimo ya mwamba, na leo nachuma papai kwa mkono wangu. Maji nayaona yatokako na nayaona yanapokwisha; taa nazima mapema wingu likikaa siku mbili. Je, yule wa mjini, ambaye hufungua bomba asijue ni bonde gani lililonyimwa maji kwa ajili yake, ndiye mwenye dhamana kunishinda mimi?

MPANGAJI WA MIJI: Yule wa mjini simtetei. Lakini tulitazame tangi lako. Volkeno ya Kilauea humwaga gesi ya kiberiti hewani, na hata katika miezi isiyotoa lava huweza kuendelea kuivujisha. Gesi hiyo ikikutana na mvua huitia ukali wa asidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilibainika kwamba matangi ya nyumba nyingi za kisiwa hiki yalikuwa na risasi ndani ya maji, risasi iliyoyeyushwa na mvua hiyo kali kutoka katika misumari ya paa na viungo vya mabomba. Na wanywaji hawakuona rangi wala kuonja ladha. Kadhalika Puna imejulikana kwa ugonjwa wa minyoo ya mapafu ya panya, ambayo huingia katika konokono wasio na kombe, ikatoka humo kwenda kwenye mboga isiyooshwa sawasawa, ikamfikia mtu katika ubongo na kumwacha na maumivu ya miezi, na wengine na ulemavu. Ukingo wa tangi haumzuii konokono. Kisha liko shimo la choo. Hawaii ina makaro ya maji machafu zaidi ya 80,000 yasiyo na kichujio chochote, na sheria ya mwaka 2017 imeamuru yote yaondolewe au yageuzwe kabla ya mwaka 2050. Wewe unazungumza juu ya maji yanayoingia kwako. Mimi nauliza juu ya yale yanayotoka.

MKAAZI WA LAVA: Na mimi najibu kwamba hayo yote ni mambo ya elimu na gharama, wala si hoja ya kumwondoa mtu katika maskani yake. Misumari ya risasi niliikataa tangu siku ya kuezeka. Maji hupita katika machujio mawili na taa ya kuua vijidudu kabla ya kufika katika kikombe. Mboga naiosha jani kwa jani. Na choo changu ni cha kufanya mboji, hakina shimo. Wako majirani wasiofanya hivyo, sikatai. Lakini nikuulize nawe juu ya nyaya zako. Umeme wa umma wa kisiwa hiki, karibu robo yake, ulikuwa ukitoka katika kiwanda cha mvuke wa ardhini kilichojengwa hapa hapa Puna, juu ya ufa ule ule wa Kilauea mnaotuambia ni wazimu kuukalia. Tarehe 3 Mei 2018 ardhi ikapasuka katika mtaa wa Leilani Estates. Kesho yake ikaja zilzala ya kipimo cha 6.9, nyufa zikafikia 24, kiwanda kikafungwa, lava ikavifunika baadhi ya visima vyake, na hakikurudi kuuza umeme mpaka mwaka 2020. Leilani Estates palikuwa na nguzo na nyaya, na nyaya hazikumwokoa mtu. Mwenye paneli zake alizifungua akazipakia garini akaondoka na umeme wake. Basi kujiunga na mtandao wa umma ni kinga ya kitu gani?

MPANGAJI WA MIJI: Si kinga ya moto, na sijasema hivyo. Mripuko ule uliharibu majengo zaidi ya 700 na kufunika kilomita za mraba 35 hivi, na haukubagua aliyelipia umeme na asiyelipia. Ila mwezi ule ule wa Mei wako watu waliozingirwa na lava baada ya kuambiwa waondoke, na ikabidi helikopta ziruke katika moshi wa kiberiti kwenda kuwachukua. Hakuna aliyeuliza kwanza kama mtu huyo amejitoa katika mtandao au hakujitoa.

MUULIZAJI: Niruhusuni niwakatize, maana nimeona neno moja linapitwa kando. Bwana Mpangaji, viwanja hivi havikushuka kutoka mbinguni. Kuna aliyevipima, kuna aliyevitia mhuri, kuna aliyevitangaza kwa watu wasiowahi kuiona Puna. Ni nani?

MPANGAJI WA MIJI: Swali hilo ni la haki, na jibu lake halinipi raha. Mwaka 1955 Kilauea iliripuka katika Puna ya chini ikafunika mashamba. Kabla ya miaka mitano kutimia, mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1950, wenye mitaji waliinunua ardhi kwa mapande makubwa, wakaikata vipande maelfu kwa maelfu, wakaviuza kwa malipo madogo madogo ya mwezi. Na serikali ya wakati ule, ambayo ilikuwa na shauku ya kukusanya kodi, ikaidhinisha mitaa mizima isiyo na bomba la maji, isiyo na mfereji wa taka, na barabara zake nyingi ni changarawe ya lava. Mwaka 1960 kijiji cha Kapoho kikateketea, na biashara haikusimama. Ramani ya kwanza ya hatari za volkeno katika kisiwa hiki ilichapishwa mwaka 1974, baada ya hati nyingi kuwa zimekwisha kuandikwa. Hivi sasa kisiwa kimegawanywa katika kanda 9, na ukanda wa 1 ndio wenye hatari kuu. Leilani Estates imo humo. Mabenki huogopa kukopesha katika ukanda wa 1 na wa 2, na makampuni ya bima yalikimbia baada ya msiba wa Kalapana, kijiji kilichomezwa na lava mwaka 1990, hata bunge la Hawaii likalazimika mwaka 1991 kuunda chombo maalumu cha kuwakatia bima ya msingi wale waliokataliwa kwingine.

MKAAZI WA LAVA: Basi umesema mwenyewe. Mliidhinisha, mkatoza kodi ya ardhi mwaka baada ya mwaka, mkaacha kuleta mabomba, na sasa mwenye kujiletea maji kwa jasho lake ndiye anayeitwa mkaidi. Mimi sikuchagua kuishi nje ya mtandao dhidi ya mtandao uliokuwapo mlangoni. Nililikuta pengo, nikalijaza.

MPANGAJI WA MIJI: Kosa la waliotutangulia haliwi ruhusa ya kuliendeleza. Kila paa jipya linaloezekwa pale huongeza mtu mmoja wa kuokolewa, na huongeza sauti moja itakayodai barabara iwekwe lami. Na lami ikifika, hufuata duka, na baada ya duka shule, mpaka tukawa tumejenga mji mdomoni mwa moto kwa hatua ambazo kila moja ilionekana ndogo.

MZAWA WA PUNA: Wanangu, nimewasikiliza kwa utulivu, na katika maneno yenu wote wawili nimeisikia nchi hii ikianza siku ilipopimwa kwa kamba. Wazee wangu waliishi Puna kwa karne nyingi kabla ya bati na kabla ya paneli. Walipanda viazi vitamu katika vishimo vya mawe walivyovijaza majani makavu. Walisuka mikeka kwa majani ya mkadi. Walijua kisima gani cha pwani huwa kitamu bahari ikipwa na kipi huwa cha chumvi. Hapakuwa na aliyesema kwamba anaishi nje ya kitu. Na walikuwa na hifadhi ambayo ninyi hamnayo: ardhi yetu ya kale iligawanywa kwa mapande yanayoitwa ahupuaa, kila pande likishuka kutoka mlimani hadi baharini, likiwa na msitu wake, mashamba yake na ufuo wake, na watu wake wakiwa jamaa. Pele, ambaye ndiye mwenye mlima na moto wake, alipoipitia pwani, waliokuwa pwani walipanda kwa ndugu zao wa juu. Alipoipitia nchi ya juu, walishuka. Mtu hakuwa na kiwanja kimoja cha kufa nacho. Mwaka 1848 ardhi ikageuzwa kuwa ya hati na mipaka, na wengi wetu tukabaki mikono mitupu. Mwaka 1893 ufalme wa Malkia Liliuokalani ukapinduliwa. Mwaka 1898 visiwa vikatwaliwa na Marekani. Kwa hiyo mnapobishana kama mtu yu huru kuishi juu ya lava au kama serikali ina haki ya kumzuia, mnaligombania fungu ambalo nyote wawili mlilipokea kutoka kwa mkono uliotunyang'anya.

MKAAZI WA LAVA: Bibi, kwa taadhima yote, mimi sikuwapo mwaka 1893, wala baba yangu. Je, wataka niondoke?

MZAWA WA PUNA: Sikusema uondoke; wapo wageni waliozikwa kwetu na tukawalilia. Nasema ujue unakalia nini. Mwaka 1990 lava ilishuka polepole, mwezi baada ya mwezi, ikaimeza Kalapana. Nyumba zaidi ya 100 ziliungua. Ufuo wa Kaimu, ambao mchanga wake mweusi ulipendwa na watu waliotoka mbali kuja kuutazama, ulifukiwa wote pamoja na ghuba yake, na mahali tulipooga tukiwa watoto leo ni jiwe. Kanisa dogo lenye kuta za picha lilinyanyuliwa likapakiwa juu ya gari likaokolewa. Makaburi hayakupakiwa. Mwaka 1997 hekalu la kale la Wahaula likafunikwa, nalo lilikuwa limenusurika mara kadhaa. Hatukumlaani Pele, kwa kuwa ni wake. Kisha sikieni sheria inavyosema: mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Hawaii, katika kesi iliyohusu ardhi iliyozaliwa na mripuko ule wa 1955, ilihukumu kwamba nchi mpya ambayo lava huijenga ndani ya bahari ni mali ya dola. Moto ukifunika, hufunika chetu. Moto ukizaa, kizazi ni cha serikali. Na baada ya lava ya Kalapana kupoa, wako watu waliokuja kuweka nyumba za mbao juu yake, juu ya vijiji na juu ya wafu wetu, wakauita uwanda ule mtupu. Mtupu kwa nani?

MPANGAJI WA MIJI: Hoja hiyo, bibi, inanipa nguvu. Uwanda ule ungeachwa wazi, uwe mahali pa kumbukumbu na pa wazawa kuvua samaki, pasijengwe tena.

MZAWA WA PUNA: Usiiweke hoja yangu mfukoni mwako upesi hivyo, mwanangu. Ni ninyi wapangaji mliotaka kutoboa visima vya mvuke katika msitu wa Wao Kele o Puna, mwili wa Pele wenyewe, hata watu wetu wakaandamana na kukamatwa. Kuizuia nyumba ya maskini isimame juu ya lava, kisha kuruhusu kiwanda kisimame hapo hapo, huo si ulinzi wa kitu kitakatifu.

MTU WA GOMA: Ndugu zangu, mimi natoka mbali, lakini si mbali na lava. Kwetu Goma, katika Kongo, chini ya mlima Nyiragongo na kando ya ziwa Kivu, watu laki kadhaa huamka kila siku juu ya lava, na wengi wao hawana bomba wala waya. Maji huchotwa ziwani kwa mabidoni na kubebwa kwa chukudu, baiskeli zetu za mbao, au juu ya vichwa vya watoto. Choo hakichimbiki, kwa kuwa chini ya inchi chache za vumbi ni jiwe. Kuta nyingine hujengwa kwa mawe meusi yale yale yaliyoziua nyumba zilizotangulia, ila aghalabu nyumba ni ya mbao, ili iungue pasipo hasara kubwa na ijengwe tena upesi. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji ikafika ziwani, ikalala juu ya sehemu ya njia ya ndege, na watu wakavuka mpaka kwenda Rwanda. Katika siku chache wengi walirudi, lava ikiwa ingali na joto chini ya nyayo. Ulimwengu ukashangaa. Haukuwa ujinga uliowarudisha: soko ni hapo, ziwa ni hapo, mpaka wa biashara ni hapo, na vijijini walikotoka kulikuwa na bunduki. Ndiyo maana ninapomsikia bwana Mkaazi akisifu uhuru wake wa kujitoa, moyo wangu hauwezi kumfuata hadi mwisho. Yeye alijitoa, sisi hatukuwahi kuingizwa. Paneli yake ni uamuzi, bidoni la binti yangu ni amri.

MKAAZI WA LAVA: Ndugu yangu, nakuheshimu, lakini tofauti baina yetu si kubwa kama unavyoiweka. Mtu aliyeshindwa na bei ya kila mahali penye usalama, akabakiwa na mahali pamoja pasipo usalama, naye hakupewa hiari ya kweli. Wengi wa jirani zangu Puna ni watu wa namna hiyo: wazee wa pensheni ndogo, askari wastaafu wenye majeraha, na Wahawaii wenyewe waliofukuzwa na kodi za Honolulu.

MTU WA GOMA: Nakubali, na nakuhurumia. Ila kuna mtandao mmoja ambamo hukujitoa, nawe hujautaja hata mara moja. Kisiwa chenu kina kituo cha kuchunguza volkeno tangu mwaka 1912. Vipimo vyake vimepandwa katika mlima wote. Ardhi ikivimba kiasi cha unene wa kidole, kuna mtu aliyelipwa mshahara ambaye hukesha kuitazama. Na mwaka 2018, hata zilzala zilipoliharibu jengo la kituo hicho ukingoni mwa kilele, wataalamu walihama na kazi yao haikukatika. Kwetu kituo kipo, na watu wake ni hodari na wana moyo. Lakini msaada wa fedha kutoka nje ulipokwisha mwaka 2020, kwa miezi kadhaa hawakuweza hata kulipia mtandao wa kupokea vipimo. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, watu waliuona wekundu angani kabla ya kusikia onyo lolote. Wapatao 30 walikufa, maelfu ya nyumba zikaenda, na baada ya siku chache nusu ya mji ikaamriwa kuhama, watu wakatembea usiku kuelekea mji wa Sake na Rwanda na vifurushi vichwani. Kisha kuna mazuku, hewa nzito isiyo na rangi inayotuama mabondeni katika uwanda wa lava, humuua mbuzi na humuua mtoto aliyekwenda kumtafuta mbuzi. Kibao cha kuonya hugharimu ubao na rangi, na bado hakipo kila mahali. Lava ya Hawaii ilipoharibu majengo zaidi ya 700 haikumuua mtu hata mmoja. Ninyi mwasema hiyo ni tabia ya lava yenu, kwamba ni ya polepole. Nami nasadiki, maana yetu hukimbia mno. Lakini sehemu kubwa ya salama ile ilitoka katika nyaya ambazo huzioni, bwana Mkaazi, na ambazo hukuzikata.

MKAAZI WA LAVA: Sikuzikata, wala nisingezikata. Nalipa kodi, na kodi hiyo iende huko kwa furaha yangu. Lakini neno lako linanipa hoja niliyoikosa: kama serikali yaweza kunionya pasipo kuniletea bomba, basi yaweza kuniacha niishi pasipo kuniletea bomba. Inipe vipimo, ramani ya kweli, na njia ya kutokea wakati wa hatari. Kisha ipunguze vibali vya ujenzi vyenye gharama iliyozidi thamani ya kibanda chenyewe, ili tusijenge kwa kujificha. Anayejificha hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatafutwi siku ya moto.

MPANGAJI WA MIJI: Mwisho wa maneno yako umenigusa, kwa kuwa mwaka 2018 mojawapo ya taabu zetu ilikuwa kutojua nani analala wapi. Lakini siwezi kukufuata katika kibali chepesi. Kibali ni ahadi. Nikitia mhuri kwamba nyumba yaweza kusimama hapa, nimewaambia watoto wako na mnunuzi atakayekuja baada yako kwamba hapa panakalika. Baada ya msiba ule fedha za serikali ya Marekani zilitumika kuwanunulia waathirika nyumba na viwanja vilivyofunikwa, kwa sharti kwamba ardhi hiyo iachwe wazi. Fedha zile zilitoka kwa watu wa mbali ambao hawajapata kuiona Puna. Nikizidisha nyumba katika ukanda wa 1, nimewawekea watu hao deni wasiloulizwa.

MKAAZI WA LAVA: Na ukizipunguza, maskini wataingia katika mahema na magari kando ya barabara, kama walivyo tayari katika miji ya visiwa hivi, na huko hawana tangi, hawana papai, hawana mlango. Niambie utawaweka wapi, nami nitakusaidia kuvunja nyumba yangu kwa nyundo yangu.

MPANGAJI WA MIJI: Mahali hapo sina.

MTU WA GOMA: Wala kwetu hapakupatikana. Baada ya 2002 watu walisema mji uhamishwe. Mji ulikua.

MZAWA WA PUNA: Mahali pangekuwapo lau ardhi ya juu, isiyofikiwa na moto mara kwa mara, isingekuwa mikononi mwa wachache. Rudini kwenye ramani yenu ya kanda 9, mkautazame wa 8 na wa 9, mkaulize ni za nani. Mkimaliza, ndipo mje kwetu kutuuliza kama maskini aruhusiwe kulala juu ya Pele.

MUULIZAJI: Swali hilo la bibi halikujibiwa na yeyote katika baraza hili, nami sitalijibu kwa niaba yao, kwa kuwa walio na uwezo wa kulijibu hawakuwa wamekaa hapa. Nakuomba wewe, msomaji, ikiwa umo katika ofisi inayotia mhuri hati za viwanja, iwe ni Hilo au Goma au chini ya mlima wowote wenye moto, usimkabidhi mnunuzi hati yake kabla hujamwekea ramani ya hatari mbele ya macho yake, ukamsomea kwa lugha anayoifahamu. Kilauea ilianza tena kurusha moto kileleni tarehe 23 Desemba 2024, na viwanja vya ukanda wa 1 katika Puna vingali vinauzwa.